Uzoefu wangu na huduma ya kupangiwa mawindo ya elki katika kisiwa cha Afognak, Alaska

Kama unafikiria kwenda kuwinda elki katika kisiwa cha Afognak bila mwongozaji, lipa mtu akupangie safari, na umpime mtu huyo kwa jambo moja: je, anaanza na habari za bunduki au na habari za nyama? Ofisi ndogo niliyoitumia, ya watu waliokaa kisiwa jirani cha Kodiak miaka mingi, ilianza na nyama. Tulipozungumza kwa simu mara ya kwanza, mpangaji wetu hakuuliza nina shabaha kiasi gani. Alitaka kujua mimi na shemeji yangu tunaweza kubeba kilo ngapi mgongoni, kwa umbali gani, mahali pasipo na njia, huku mvua ikinyesha.

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya mnyama mwenyewe. Elki ni jamaa mkubwa wa kulungu wenye pembe za matawi, na wale wa Afognak ni wa aina ya Roosevelt, ambao dume wao mkubwa anaweza kufikia kilo 590 hivi. Si wenyeji wa asili wa kisiwa hicho. Ndama wanane walikamatwa katika rasi ya Olympic, jimboni Washington, wakaachiliwa Afognak mwaka 1929, na kizazi chao ndicho kinachowindwa leo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Tacoma, upande wa pili wa maji kutoka rasi hiyo, na kwa muda mrefu nilitamani kuwaona wanyama hawa huko walikohamishiwa.

Kazi ya kwanza ya huduma hii ni vibali, na hapo walinisaidia sana. Vibali vingi hutolewa kwa bahati nasibu ya jimbo la Alaska: maombi hupokelewa kuanzia Novemba 1 hadi Desemba 15, majibu hutoka Februari, na msimu wenyewe huanza mwishoni mwa Septemba. Kwa hiyo anayetaka kwenda huanza kujipanga takriban mwaka mzima kabla. Mpangaji alinieleza tofauti ya kanda moja na nyingine, akanihimiza nimpigie simu mtaalamu wa wanyamapori wa jimbo aliyeko Kodiak, kwa kuwa idara yao huwavisha baadhi ya elki kola za redio za kujua walipo, na hufunga mawindo ya kundi fulani pindi idadi iliyopangwa inapotimia. Ndugu walio Nairobi, Muscat au London wajue jambo moja zaidi: mtu asiye raia wala mkazi wa Marekani hawezi kuwinda mnyama yeyote mkubwa Alaska bila kuongozana na mwongozaji mwenye leseni. Huduma ninayoieleza hapa haimfai mgeni huyo, nao wenyewe humwambia hivyo kabla ya kupokea senti yake.

Kutoka mji wa Kodiak tulisafirishwa kwa ndege ndogo ya kutua majini. Ndege ya namna hiyo, ikiwa ni ya aina iitwayo Beaver, hubeba takriban kilo 450 hadi 500 za watu na mizigo pamoja, na kila kitu hupimwa kwenye mizani kabla ya kupanda. Hapa ndipo nilipoona thamani ya kupangiwa. Elki mmoja mzima hutoa zaidi ya kilo 150 za nyama, hivyo ndege iliyowaleta watu wawili na hema lao haiwezi kuwarudisha pamoja na nyama yote kwa mkupuo mmoja. Mpangaji alikwisha kuagiza safari ya pili ya ndege kwa ajili ya nyama tu, na akatutaka tuwe na chakula cha ziada cha siku kadhaa, kwa kuwa ukungu ukishuka ndege hairuki, awe amelipa nani. Alitukumbusha pia kwamba sheria hairuhusu kuwinda siku ileile uliyoruka kwa ndege: ni lazima kusubiri hadi saa tisa usiku wa kuamkia siku inayofuata.

Kuhusu mvua, sijapata kupewa ushauri bora kuliko huu. Kodiak hupata zaidi ya milimita 1,900 kwa mwaka, ambayo ni karibu mara mbili ya mvua ya Dar es Salaam, nayo huja pamoja na upepo na baridi. Tuliambiwa tusibebe nguo yoyote ya pamba, hata soksi. Tuvae sufu au nyuzi za viwandani zinazotunza joto hata zikiloa. Makoti ya mvua tuliyokodishiwa yalikuwa mazito, ya plastiki ngumu kama ya wavuvi, wala si yale mepesi ya bei kubwa yanayouzwa madukani. Mwanzoni yanachosha, maana unatoka jasho ndani yake, lakini katika msitu wa misprusi ya Sitka, miti mirefu ya jamii ya misonobari, ambako kila tawi unalolisukuma linakumwagia maji shingoni, ni hayo tu yaliyobaki makavu ndani. Turubai kubwa la kupikia na kuanikia chini yake, ambalo nililiona kuwa mzigo wa bure, ndilo lililotuwezesha kulala na nguo kavu.

Shemeji alimpiga dume mmoja kwenye uwazi uliokatwa miti zamani, baada ya kusoma Bismillahi, na nilikuwa karibu na kisu. Kuanzia hapo tulifuata karatasi ya mpangaji neno kwa neno. Mapaja, mikono, sarara, shingo, kidari na nyama ya mbavu, vyote vinatakiwa na sheria vitoke msituni, na pembe haziruhusiwi kutangulia nyama. Kila kipande kilitiwa katika mfuko wa kitambaa kinachopitisha hewa, kikatundikwa chini ya turubai la pili, mbali na hema lakini mahali tunapopaona, kwa sababu nyama iliyoloa na kubanana huanza kuchacha karibu na mfupa hata kwenye baridi. Kuizunguka tuliweka uzio wa umeme wa betri, uliokuwa ndani ya kodi. Asubuhi moja tulikuta nyayo za dubu, pana kuliko kofia yangu, zimezunguka uzio wote kisha zikarudi msituni. Nyama haikuguswa. Kwa uzio huo peke yake ningewalipa tena.

Nina malalamiko mawili. Ramani ya mipaka ya ardhi ilitufikia tukiwa karibu kuondoka, ilhali Afognak si ardhi huria: sehemu kubwa inamilikiwa na mashirika ya wenyeji wa Alutiiq, ambao kijiji chao kiliharibiwa na tsunami ya mwaka 1964, na kuwinda humo kunahitaji ruhusa yao. Kupita katika ardhi ya watu bila idhini ni dharau, na mteja anapaswa kupewa habari hiyo kabla hajachagua kanda. Pili, mashanta ya kukodi yalikuwa na mikanda iliyochakaa. Wa shemeji ulikatika akiwa amebeba paja zima, akalazimika kuufunga kwa kamba hadi ufukweni. Niliwaandikia kuhusu yote mawili, wakarudisha kodi ya mashanta na kuniahidi kwamba ramani sasa itatumwa pamoja na fomu za maombi. Atakayewatafuta aiombe ramani hiyo mwezi wa Oktoba, na shanta aende na lake mwenyewe.