Tahadhari: muuza chapeo na dirii wa mtandaoni anayetaka ulipe "kama unamtumia rafiki"

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaoishi huku Ulaya na mmeanza kuvutiwa na mchezo wetu wa kuigiza vita vya kale, someni hapa kabla hamjatuma hata pauni moja. Kuna muuzaji wa mavazi ya kivita anayezunguka kwenye makundi ya Facebook na Instagram. Amenitapeli mimi. Amemtapeli kijana wa Tanga anayeishi Ujerumani. Na dada mmoja wa Nairobi aliye Birmingham bado anasubiri mzigo wake tangu mwezi wa tatu. Hao wawili walipata namba yake kwangu. Niliweka picha za oda yangu kwenye kundi letu la WhatsApp, nikasema nimepata fundi mzuri wa bei nafuu, na wakati huo sikuwa nimepokea kitu. Lawama hiyo ni yangu na nimeshawaomba radhi. Ndiyo maana naandika kirefu.

Jina lake siliweki hapa. Tangu tuanze kumfuatilia ameshabadilisha jina la ukurasa mara tatu, kwa hiyo ukishika jina litakupotosha. Shika mwenendo wake.

Kwa wasioujua mchezo: mimi ni mtu wa Mombasa, nimekulia Mji wa Kale, na utoto wangu umepita kwenye mizinga ya Fort Jesus. Sasa naishi Leeds, na kikundi chetu huigiza vita vya Uingereza vya karne ya 15, vile vya koo za York na Lancaster. Si mbali na hapa ndipo palipopiganwa vita vya Towton, tarehe 29 Machi 1461, Jumapili ya Matawi, theluji ikianguka. Mwaka 1996 mafundi wa ujenzi walifukua kaburi la pamoja la wapiganaji wa siku ile, na wataalamu walioichunguza mifupa walikuta majeraha mengi yako kichwani, mengine juu ya mengine. Mtu akishasoma habari hiyo haoni tena chapeo kuwa pambo. Panga zetu ni butu, ndiyo, lakini upanga butu wa kilo moja na nusu ukishuka kutoka juu bado ni chuma kinachoshuka juu ya fuvu lako.

Niliagiza vitu viwili. Cha kwanza ni saleti, ile chapeo ya karne ya 15 yenye mkia unaoteremka nyuma kulinda shingo, kwa pauni 310. Alisema ni bati la milimita 2, chuma cha springi kilichotiwa matiko, yaani kuchomwa na kupozwa ili kiwe kigumu, na ndani imeshonewa kitambaa cha kitani kilichojazwa sufi. Cha pili ni dirii ya pete ya mikono mifupi, nguo ya pete za chuma zilizoshikana, pauni 230, kila pete imefungwa kwa ribiti, kijimsumari kinachogongwa kichwa. Picha zilikuwa nzuri mno. Ukikuza picha ya dirii unaona kichwa cha ribiti kwenye kila pete, unaona hata mafuta. Akataka arbuni ya nusu, nikatoa. Akaniomba nitume kwa njia ile ya PayPal ya kumtumia rafiki au jamaa, "ili sote tuepuke makato." Nikakubali. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Aliahidi wiki sita. Wiki ya saba tanuru lilikuwa limeharibika. Ya tisa alikuwa na msiba. Ya kumi na moja akanitumia video ya sekunde nne, nyundo inagonga bati juu ya fuawe, uso wa mtu hauonekani. Nikaona aibu kumbana mtu mwenye msiba. Alinipiga danadana hivyo mpaka wiki ya kumi na tano, ndipo akasema mzigo uko tayari, nimalizie nusu iliyobaki atume siku hiyohiyo. Nikamalizia, kwa njia ileile. Kisha zikapita wiki tatu nyingine.

Sanduku lilipofika nililinyanyua kwa mkono mmoja, na moyo ukaniingia baridi, kwa sababu vitu vile viwili ukivijumlisha huwa unainua kama ndoo ya maji.

Nianze na dirii. Pete ya dirii ya kweli ncha zake hupigwa bapa, zikalazwa moja juu ya nyingine, zikatobolewa tundu, kisha ribiti ndogo ikapita na kugongwa kichwa. Kila pete inashika nyingine nne, na nguo nzima ina maelfu ya pete, ndiyo maana haiwezi kuwa rahisi. Niliyoletewa ni waya uliokunjwa mviringo, ncha zake zimegusana tu kama mtu aliyekusanya mikono kifuani. Niliweka pete mbili kati ya vidole nikavuta bila kukaza. Ikafunguka, ikaanguka sakafuni. Nilipomwandikia alijibu kwamba ribiti "ziko kwa ndani." Pete haina ndani ya kuficha ribiti. Zaidi ya hapo waya wenyewe umepakwa zinki, unang'aa kama bati jipya la kuezekea. Na hapa nawaonya kwa jambo la pembeni: mtu akikushauri uichome zinki hiyo kwenye mkaa ili rangi ife, usithubutu. Moshi wake unatia homa kali. Kuiloweka kwenye siki mahali penye hewa kunaitoa.

Sasa chapeo, maana dirii mbovu itakutia hasara ya pesa, lakini chapeo mbovu ni jambo la uhai. Niliigeuza ndani kwanza. Hakukuwa na kitani wala sufi, bali sponji ya godoro iliyogandishwa kwa gundi, na harufu ya gundi ilijaa chumba. Zile ribiti zinazozunguka paji la uso, ambazo kazi yake ni kushika mkanda wa ngozi unaoshonewa kitambaa cha ndani, hazikushika kitu. Ni vichwa tu vilivyobandikwa. Kingo hazikukunjwa, zilikatwa zikaachwa hivyo, na nikapitisha kidole nikatoka damu. Utosini kuna mshono wa kuchomelea uliosagwa na kupakwa rangi. Mshono peke yake si kosa. Wahunzi wa zamani kwa kawaida waliifua chapeo ya aina hii kutoka kipande kimoja, lakini mafundi wengi wa leo wanaunganisha nusu mbili, na mwaminifu anakwambia hivyo mapema na anachomelea mpaka ndani. Wa kwangu alichomelea juujuu. Ukiitazama dhidi ya dirisha, mwanga unapenya kwenye sehemu mbili za mshono.

Kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, ilisoma milimita 1.2 ukingoni. Utosini kalipa ya kawaida haifiki, na kwenye chapeo nyingi za leo utosini ndipo bati huwa jembamba zaidi, kwa sababu nyundo ndiyo inayolitandaza hapo. Basi nikatumia mizani ya jikoni, njia ambayo yeyote kati yenu anaweza kuifuata. Bati la chuma la milimita 1 lina uzito wa karibu kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba. Niliifunika chapeo yote kwa vipande vya gazeti, nikavibandua, nikavitandaza mezani, nikapima eneo lake: karibu mita za mraba 0.18. Kwa bati la milimita 2 chapeo ile ilipaswa kuwa na kilo 2.8. Nilipoitoa sponji ilikuwa na kilo moja na nusu. Maana yake wastani wa unene ni milimita 1 na kidogo. Mwenzetu mwenye kalipa ya mikono mirefu alikuja akapima utosini: milimita 0.8.

Zipo chapeo za milimita 1.5 zilizo salama kabisa, zikiwa za chuma cha springi kilichotiwa matiko kweli. Kwa hiyo tulijaribu na hilo. Chukua tupa, iburuze kwenye ukingo mahali pasipoonekana. Chuma kilichotiwa matiko, tupa hukiuma kwa shida na huelekea kuteleza juu yake. Hiki tupa ilikila kama inavyokula msumari wa kawaida. Mwisho tuliiweka juu ya gogo na mwenzetu akaipiga pigo moja kwa upanga butu, kwa nguvu ileile tunayopigana nayo mazoezini. Bonde lililobaki linaingia kijiko cha chai.

Ningekuwa nimeivaa.

Picha nazo nilizifuatilia, kazi ambayo nilipaswa kuifanya siku ya kwanza. Nilizitafuta kwa njia ya kutafuta picha kwa picha, na ile ya dirii ikatokea kwenye ukurasa wa karakana moja ya Jamhuri ya Cheki, ya miaka kadhaa nyuma. Saleti vilevile: alama ndogo ya kahawia karibu na tundu la jicho la kushoto iko palepale. Niliwaandikia wale Wacheki, wakajibu kwamba mimi si wa kwanza kuwauliza. Pia ukitazama video yake ya nyundo, fuawe lililomo si lile linaloonekana kwenye picha zake nyingine.

Kijana wa Tanga yeye aliagiza brigandini, ile fulana ya vibamba vya chuma vinavyopandiana, vikapigiliwa ribiti ndani ya kitambaa. Kwa nje ilimfikia nzuri, safu za vichwa vya ribiti tatutatu kama maua. Akaibonyeza kwa mkono: kifuani kuna vibamba, mgongoni hakuna kitu, ni misumari ya urembo juu ya turubai. Alinipigia simu usiku akaniambia, "Kaka, mgongo wangu wameuacha wazi." Sikuwa na la kumjibu.

Muuzaji nilipomtumia picha na vipimo, kwanza alisema nimepima vibaya. Kesho yake akasema chapeo ile ni ya kuwekwa sebuleni, na kwamba hakuwahi kuniambia ni ya kupigania. Mazungumzo yote ninayo, neno "mapambano" kaliandika mwenyewe mara tatu. Nikamrudishia maneno yake. Akanifungia.

Kuhusu pesa: malipo ya "kwa rafiki" hayana kinga ya mnunuzi, na PayPal walinijibu hivyo bila kuzunguka. Kama uko Uingereza, kitu kinachozidi pauni 100 mpaka 30,000 ukikilipia kwa kadi ya mkopo, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji. Nilikuwa na kadi hiyo mfukoni. Msitegemee sana zile siku 14 za kurudisha bidhaa iliyonunuliwa mtandaoni, kwa sababu haki hiyo haihusu kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vyako. Kwa kitu hicho unabaki na haki ya kudai kwamba hakilingani na maelezo yake, na kudai kwa mtu usiyejua anakaa wapi ni kazi ngumu. Makato aliyosema tuyaepuke yangekuwa kama pauni ishirini.

Basi ukikutana na mtu mwenye picha za kupendeza na bei ya chini, anayekutaka ulipe kwa njia ya urafiki, mwombe jambo moja: apige picha ya kazi aliyonayo mezani leo, pembeni aweke karatasi yenye jina lako na tarehe, na kalipa imeuma ukingo wa bati. Fundi wa kweli atakutumia jioni hiyohiyo, na huenda akafurahi umeuliza. Huyu wetu dada wa Nairobi alimwomba hivyo wiki mbili zilizopita. Alijibu kwamba ana wateja wengi, hana muda wa watu wasiomwamini. Dirii za ribiti nyingi zinazouzwa leo hutoka karakana za India na nyingine ni nzuri tu, kwa hiyo siwaambii mkimbie bei ya kati wala nchi fulani. Nawaambia mshike pete kwa mkono kabla hamjalipa, ikiwezekana. Masoko ya wapiganaji hufanyika kila mwaka hapa Uingereza, na kwenye tamasha la Tewkesbury mwezi wa saba mafundi huweka mabanda yao uwanjani. Ukivaa chapeo ya fundi palepale, ukaipima kwa kalipa yako, hakuna atakayekukasirikia. Na kikundi chochote kizuri kina mkaguzi wa vifaa. Mtumie kiungo cha tangazo kabla ya kutuma arbuni. Wa kwetu alipoziona picha zile baadaye, ilimchukua dakika moja kuniambia kwamba saleti na dirii zile hazikutoka kwa mkono mmoja.

Dada wa Nairobi bado hajapokea kitu na benki yake imefungua faili. Yeyote mwingine aliyemlipa mtu huyu, au aliyeziona picha hizo za Wacheki kwenye ukurasa mwingine, aniandikie ndani, nimpe namba ya faili tuunganishe malalamiko. Hifadhi mazungumzo yote kabla hajakufungia, pamoja na picha za tangazo, kwa sababu analifuta.

Chapeo yangu sikuitupa. Naibeba kwenye begi pamoja na ile pete iliyofunguka kila kikundi kinapokutana, na aliye karibu na Leeds anayetaka kununua mavazi yake ya kwanza aje aishike, aitazame dhidi ya dirisha, kisha ashike yangu ya sasa.