Uzoefu wangu: Caravan ya Unguja hadi Chake Chake, nikiwa ubavuni mwa rubani

Vindege vya Unguja na Pemba nimeshavipanda mara nyingi, na karibu zote nilikaa nyuma, begi kifuani, dua mdomoni. Julai hii, kusi, upepo wa kusini, likiwa limeshika kweli kweli, nilipewa kiti cha mbele, ubavuni mwa rubani. Naandika kwa ajili ya wanaoviogopa, maana nami nilikuwa mmoja wao. Na woga haukunitoka kwa sababu safari ilikuwa shwari. Haikuwa shwari hata kidogo.

Ndege ni Cessna Grand Caravan. Injini moja, propela moja puani, mbawa ziko juu ya madirisha na zimeshikiliwa na mihimili, magurudumu hayakunjwi. Mzigo wangu mwisho ulikuwa kilo 15. Ndani ni pafinyu, na kabla haijaondoka joto lake ni la tanuri. Hayo nayasema nipite.

Naanza na mzani, kwa sababu hapo ndipo watu wanapogombana. Mbele yangu palikuwa na bibi mmoja wa makamo, kashika kapu lake. Kijana wa mzani akamwambia apande yeye mwenyewe.

"Mwanangu, mie n'shakata tiketi, wanipimia nini tena?"

"Usinielewe vibaya, bi mkubwa. Tunapima mzigo na watu pia, ndipo tujue nani akae wapi."

Hakupenda, lakini alipanda. Ningependa kila abiria ajue kwa nini kijana yule hakulegeza. Caravan hii ikijaa inaruhusiwa kupaa na takriban kilo 3,970, ndege, mafuta, watu na mizigo vyote pamoja. Lakini jumla peke yake haitoshi, lazima kitovu cha huo uzito kikae mahali pake. Mimi nafundisha fizikia, basi nilipiga hesabu pale pale nyuma ya tiketi: mtu wa kilo 80 akihama viti vya mbele akakaa mita 4 nyuma, kitovu cha ndege nzima kinasogea nyuma sentimita 8. Unaweza kuona ni kidogo. Sasa jua kwamba Caravan ikiwa imejaa, nafasi yote ambayo kitovu kinaruhusiwa kuchezea, kutoka mwisho wa mbele hadi mwisho wa nyuma, ni kama sentimita 13 tu. Mtu mmoja mkaidi anakula zaidi ya nusu.

Kitovu kikienda nyuma mno, ndege inapoteza tabia ya kujirudi. Pua ikiinuliwa na upepo, badala ya mkia kuirudisha, inataka kuendelea kuinuka, na rubani anageuka mtu wa kukimbizana nayo safari nzima. Mabaharia wetu walilijua jambo hili bila kalamu. Marehemu baba alikuwa na mashua Wete, akivusha watu na mizigo Fundo, na hakutia tanga kabla hajaipanga farumi, mawe ya kusawazisha chombo, kwa mikono yake, jiwe kwa jiwe. Na sisi Wapemba, baada ya usiku ule wa Septemba 2011 ilipozama meli ya Spice Islander katika mkondo wa Nungwi, hatuhitaji kuelezwa chombo kilichozidishwa kinafanya nini. Ndiyo maana nasema: usibishane na mzani, wala usihame kiti ulichopangiwa. Niliwahi kusafiri na kampuni nyingine, siitaji, ambayo haikupima mtu, na abiria wakajikalia walipotaka. Sikurudi tena kwao.

Tulipoanza kukimbia kwenye njia ya kurukia, usukani uliokuwa mbele ya magoti yangu ulikuwa ukijongea wenyewe, kwa kuwa umeunganishwa na wa rubani. Mikono yangu niliifumbata mapajani. Nikatazama miguu yake: mguu wa kulia ulikuwa umekaza pedali. Nikadhani ni upepo. Akaniambia kwenye hedifoni kuwa ni propela, inazungukia kulia, na kwa nguvu nyingi na mwendo mdogo inaivuta pua ya ndege kushoto. Mwendo ulivyozidi, mguu ukalegea polepole.

Tulipoipita Nungwi na kuingia mkondoni, ndege ikaanza kutikiswa. Nyuma nilisikia mtu anavuta uradi kwa sauti. Hapo nikaona kitu ambacho aliyekaa nyuma hawezi kukiona: ndege ilikuwa inarukaruka, lakini mkono wa rubani ulikuwa umetulia. Vidole vitatu tu kwenye usukani. Bawa la kushoto likizama, anasubiri kidogo, anasogeza upana wa kidole, basi. Mara nyingine hafanyi kitu, na pua inarudi yenyewe.

Nilikumbuka siku baba aliponipa kana, mkono wa usukani wa mashua, kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka kumi. Mashua ikielekea kulia, naivuta kushoto, inapitiliza, naivuta tena, na nyuma yetu njia ya mashua ikawa imeandika nyoka majini. Baba akaweka mkono juu ya wangu. "Iache, mwanangu. Ishakusikia."

Urubani una jambo hilo hilo, na limewapata watu wakubwa. Oktoba 1977 kule Marekani, chombo cha majaribio cha Enterprise, mfano wa vyombo vya anga za juu vya NASA, kilipokuwa kinatua, rubani na mitambo vikapishana: anarekebisha, jawabu linachelewa, anarekebisha tena, na kila sahihisho likawa linaongeza mtikisiko badala ya kuupunguza. Kilitulia alipolegeza mkono. Yule hakuwa mwanafunzi, alikuwa mwanaanga aliyebobea. Mkono wenye haraka na chombo kinachochelewa kujibu ndivyo vinavyozalisha hatari ile, na Caravan inajibu upesi.

Nikamwuliza kapteni ikiwa ataiachia itakuwaje. Mbele palikuwa peupe. Akazungusha kidogo kigurudumu cha trimu, cha kuisawazisha pua, akanyanyua mikono. Pua ikapanda taratibu, mwendo ukapungua, pua ikashuka, mwendo ukaongezeka, ikaanza kupanda tena. Wimbi refu la pole, kiasi cha nusu dakika kwenda na kurudi. Halafu akanionesha bawa la kulia limeanza kulala. "Hili usilitegemee sana, maalim. Pua inajirudi vizuri, bawa linahitaji mtu." Akaligusa, likanyooka. Nilipenda kwamba hakuniambia ndege inafanya kila kitu.

Tulipokaribia Chake Chake upepo ulikuwa unatupiga ubavu wa kushoto. Hapa ndipo wanaokaa nyuma wanapotishika, kwa sababu ndege inashuka imekaa upande, pua inatazama mikarafuu badala ya njia. Msiogope. Rubani amelielekeza omo, yaani pua, kwenye upepo makusudi ili chombo kisisukumwe, kama nahodha anavyofanya akivuka mkondo. Chini kabisa, mguu wa kulia ukaingia, pua ikanyooka na njia, na papo hapo usukani mbele yangu ukapinda kushoto. Gurudumu la kushoto likagusa kwanza. Halafu la kulia. Halafu la mbele, kama mtu anayeweka chini sinia la chai.

Nyota sitotoa, kwa sababu ndege ina kipimo chake. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Cooper na Harper, walitoa mizani ya kumi ambayo rubani anaitumia kusema chombo kinamhangaisha kiasi gani. Moja ni bora kabisa, kumi ni chombo kisichoshikika, na kuanzia nne kwenda juu maana yake kuna jambo linalofaa kurekebishwa. Namba haipewi ndege hivi hivi, inapewa kazi fulani: kupaa, kwenda sawa, kutua na upepo wa ubavu. Na mwenye haki ya kuitaja ni aliyeshika usukani. Basi tuliposimama na propela ikazimwa, nikamwuliza.

"Kule angani, mbili," akasema, anavua hedifoni. Akautazama mfuko wa upepo pembeni ya njia, umejaa, umelala mlalo kabisa. "Kutua kwa leo, tatu. Kaskazi likija njoo tena, maalim, nitakwambia moja."

Nyuma bibi alikuwa anateremka na kapu lake, kijana kamshika mkono. Nimeshaulizia kiti kile kile kwa Januari.