Mafuta ya habasoda ya kukamuliwa hapo hapo, Amu: mafuta nayasifu, makopo ya vidonge siyasifu

Nawapa nyota nne na ningewapa tano kama si yale makopo ya vidonge, nitayafikia huko chini. Kwa wasiolijua, hili ni duka la mafuta na dawa za sunna hapa Amu mjini, yaani mji wa Lamu, ukiwa mbele ya ngome shika njia kuu uelekee Langoni, ulizia kwa ami wa habasoda hata mtoto atakuonesha. Chumba kimoja tu, ndani kuna magunia ya mbegu, mizani, mashine ya kukamulia na rafu ya chupa za kahawia, basi.

Kilichonifanya nikae niandike ni mafuta yenyewe. Pwani hii mafuta ya habasoda yamejaa kila kona, mpaka kwenye matatu za Mokowe unauziwa, na mengi ukiyaonja ni alizeti iliyopakwa rangi. Haya unaona yanavyotoka. Ami anapepeta mbegu kwenye ungo kwanza, vijiwe na vijiti vinatoka, alafu anazimimina kidogo kidogo kwenye mdomo wa mashine, skrubu inazibana, upande mmoja yanatoka mashudu makavu meusi na chini mafuta yanadondoka tone tone. Kila baada ya muda anaweka kiganja kwenye chuma, kikiwa cha moto anazima mashine anangoja ipoe, hata kama watu wamepanga foleni mlangoni na mmoja anataka kuwahi boti. Yakitoka yana vumbi la mbegu kwa hivyo hakuuzii hayo, anayaacha yatuame mpaka kesho yake ndio anayachuja kwa kitambaa cheupe. Unayoondoka nayo ni ya siku iliyopita na tarehe ya kukamua ameiandika kwa kalamu kwenye chupa.

Na anakupa uonje. Kijiko kidogo, mafuta ya hudhurungi iliyoiva, mwanzo ni uchungu, alafu koo linachoma na ukali unapanda mpaka puani macho yanalenga machozi. Huo ukali ndio unaoutafuta ndugu yangu. Mbegu ya habasoda thuluthi yake au zaidi ni mafuta ya kawaida, ila ndani yake mna sehemu ndogo sana ya mafuta yanayovukika, yale yenye harufu, na humo ndimo inamokaa thaimokwinoni, ile kemikali ambayo wanasayansi wanaihangaikia miaka yote hii. Huko Misri mwanasayansi El-Dakhakhny aliandika kuhusu kuitenga kutoka kwenye mbegu mwaka 1963. Haipendi joto wala mwanga, inaharibika, ndio maana mimi nikiona habasoda kwenye chupa nyeupe imeanikwa juani najua hapo nauziwa mafuta ya kupakia nywele tu. Chupa ya kahawia na ule mkono wa ami kwenye chuma, kwangu vina thamani kuliko lebo yoyote ya rangi rangi.

Sasa lile la dawa, manake najua wengi mnaosoma mtauliza inatibu nini. Sisi tumelelewa na hadithi ya Mtume (s.a.w) iliyomo kwenye Bukhari kwamba habasoda ni shifa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti, naiamini na siibishii. Lakini hadithi haikusema uache kupima sukari, wala haikumpa mtu yeyote ruhusa ya kukuuzia kopo kwa elfu tatu akakwambia utupe dawa zako. Kwenye maabara thaimokwinoni imeonesha mambo makubwa, inapunguza uvimbe, inaua seli za saratani kwenye sahani za vioo, panya wakipewa wanapata nafuu ya hiki na kile. Kwa binadamu zipo tafiti ndogo ndogo ambazo mbegu au mafuta yake yameshusha sukari na presha, kwa kiasi, sio kwa muujiza. Ila kidonge cha thaimokwinoni chenyewe kilichopitishwa kutibu saratani au kisukari mpaka leo hakipo. Na sababu sio ati wazungu wanaficha, nimechoka kuisikia hio. Kemikali yenyewe ni ngumu, haiyeyuki vizuri kwenye maji, ukiimeza ni kidogo inayofika kwenye damu, na hata hiyo inayofika inanata kwenye protini za damu, kwa hivyo dozi iliyoua seli kwenye kioo sio rahisi kuifikisha kwenye uvimbe ulio ndani ya mwili wa mtu. Wanajaribu kuifungia ndani ya vitone vidogo vya mafuta ili ipenye, kazi inaendelea. Juu ya hayo kila mbegu na kila mkamuo una kiwango chake, chupa mbili za rafu moja zinaweza kupishana sana, na daktari hawezi kukuandikia dozi ya kitu ambacho hajui kimo kiasi gani.

Mbegu kuzaa dawa kamili inawezekana, mfano tunao nyumbani kwetu. Babu anaumwa Parkinson, mikono inatetemeka, na kidonge anachopewa hospitali kina levodopa. Hio kitu ilitengwa kwenye maharagwe ya kizungu yale mapana mwaka 1913, wanasayansi Torquati na Guggenheim ndio walioishughulikia miaka hiyo, na imo tele kwenye mbegu za upupu, naam upupu huu huu wa porini unaotuwasha. Wahindi walikuwa wakizitumia mbegu za jamii hiyo kwa wagonjwa wa kutetemeka tangu zamani. Lakini kutoka 1913 ni mpaka 1961 ndio madaktari wa Vienna waliwadunga wagonjwa wakaona mtu aliyeganda anainuka, na 1967 ndio daktari Cotzias kule Marekani akaonesha dozi ya kumeza inavyopandishwa pole pole mpaka ikafanya kazi. Zaidi ya miaka 50, na hapo kemikali ilishajulikana! Leo babu anajua anameza miligramu ngapi asubuhi na ngapi jioni, na zikizidi tunajua dalili zake. Hicho ndicho ninachokitamani kwa habasoda, wallahi natamani nikione, na natamani kifanyike kwa heshima kwa sababu hii ni mbegu yetu.

Narudi dukani. Kilichonigusa zaidi ni kwamba ami kabla hajakupimia anakuuliza, "Mwanangu, ni ya nani, na anatumia dawa gani za hospitali?" Mamangu ana sukari na presha, nikamtajia vidonge vyake, akaniambia, "Basi mpe kijiko kidogo kimoja tu, na mpime sukari mara kwa mara wiki hizi za mwanzo, hii nayo inashusha. Dawa zake asiache hata moja, na ukienda kliniki mwambie daktari." Ndivyo ilivyo, ukichanganya na vidonge vya sukari au vya presha, sukari au presha yenyewe inaweza kushuka kupita kiasi. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alikuwa anamnunulia mumewe anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda, ami akakataa kumuuzia mpaka akaulize hospitali kwanza. Amekataa pesa mchana kweupe. Wenye mimba pia anawaambia kupakia mwilini sawa, kunywa kwa wingi hapana, na anayekwenda kufanyiwa operesheni aache wiki mbili kabla. Nimeingia maduka ya dawa yenye tailisi na viyoyozi sijaulizwa maswali haya.

Kwa nini basi nyota moja nimeitoa. Kwenye rafu ya nyuma kuna makopo ya vidonge vya habasoda ambayo hayatengenezi yeye, analetewa na muuzaji wa jumla, na karatasi ya ndani imeandikwa inatibu saratani, figo, ukimwi, ugumba, na mengine mpaka nimechoka kusoma. Hakuna tarehe ya maana, hakuna kiwango cha kilichomo, namba ya usajili wa Bodi ya Dawa na Sumu sikuiona. Nilimwambia, "Ami, haya yanakuharibia jina," akasema wateja wa bara ndio wanayaulizia kwa sababu ni rahisi kubeba. Namheshimu sana lakini hapo sikubaliani naye hata kidogo. Mtaani kwetu tulimzika jirani aliyeacha insulini kwa maneno ya karatasi kama hizo, alinunua kwingine sio hapa, na aliyemuuzia hakuonekana hata kwenye matanga. Mtu anayejua kumuuliza mteja anatumia dawa gani hawezi kuweka rafuni kopo linalomwambia mteja huyo huyo aziache. Ayatoe tu, hayo mafuta yake yanatosha kumlisha.

Vitu vingine vidogo: mfuniko wa chupa kubwa unavuja, ukisafiri funga na nailoni, shuka langu lilipona kwa bahati. Asali yake ni nzuri lakini ghali. Mbegu nzima anazo pia na mimi naona kwa chai na mkate wa mofa nunua mbegu, mafuta acha kwa matumizi ya kijiko.

Chupa ndogo nilinunua mia sita, kubwa elfu na mia mbili, M-Pesa anapokea. Adhuhuri anafunga mpaka baada ya alasiri, Ijumaa asubuhi usijisumbue. Chukueni ndogo, ikishafunguliwa muiweke mahali pa baridi penye giza, na muulizieni ya kukamuliwa wiki hii.