Kikapu cha kupikia bila moto: miezi mitano jikoni kwetu Umoja

"Baba, ukishatumbukiza sufuria humu, kinajipikia chenyewe. Hiki kitambaa chake kina joto." Hayo ni maneno ya aliyeniuzia. Nilicheka, nikalipa Sh1,800, nikapanda matatu ya Umoja, hapa Nairobi, nikiwa nimekipakata kikapu kama mtoto mchanga. Kwa wasiokijua: ni kikapu kikubwa cha kufumwa, ndani kimeshonewa kitambaa, na kati ya kitambaa na ukuta wa kikapu kumeshindiliwa sponji na vipande vya nguo kuukuu. Juu yake kuna mto mnene wa kufunikia. Unachemsha chakula kwenye gesi, unaingiza sufuria ikiwa bado inatokota, unafunika, unaenda zako.

Nilikitaka kwa sababu moja. Mke wangu ni muuguzi, na akiwa zamu ya usiku hufika nyumbani saa 1 na nusu asubuhi, wakati mimi na watoto tumeshatoka. Nilichoka kumwachia chakula baridi.

Jaribio la kwanza liliniaibisha. Nilichukua robo kilo ya maharagwe, na pamoja na maji sufuria haikufika hata lita moja. Nikayachemsha kidogo, nikayatia kikapuni saa 6 mchana. Saa 11 jioni nilipofunua, mchuzi ulikuwa vuguvugu na maharagwe yanagonga meno kama kokoto. Nikajiambia nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa wiki mbili hivi kikapu kikawa cha nguo chafu.

Aliyekiokoa ni binti yangu wa Gredi 8, wala hakukusudia. Alikuja na kazi ya nyumbani iliyouliza tofauti kati ya joto na halijoto, akanitega: "Baba, kipi kina joto jingi, kikombe cha chai ya moto au ndoo ya maji ya kuoga?" Nikajibu kikombe, bila hata kufikiri. Akacheka, akachukua kalamu. Kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi kunahitaji kilojuli 4.2 (kilojuli ni kipimo cha nishati). Chukua kikombe cha mililita 250 chenye nyuzi 90, na ndoo ya lita 10 yenye nyuzi 40, katika chumba cha nyuzi 20. Kikombe kina kilojuli kama 74 za kupoteza kabla hakijalingana na chumba. Ndoo ina 840. Halijoto inakwambia kitu ni cha moto kiasi gani; joto ni nishati yenyewe, na hiyo inategemea pia wingi wa kitu. Kikombe kinakuunguza ulimi, lakini ndoo ndiyo tajiri.

Hapo nikakumbuka kisufuria changu cha robo kilo. Kilikuwa na halijoto ya kutosha kabisa siku ile, ila kiliingia kikapuni kikiwa maskini wa joto. Tena sufuria ndogo ina eneo kubwa la nje ukililinganisha na kilichomo, kwa hiyo kidogo ilicho nacho kinavuja haraka.

Nikarudia, safari hii kwa vipimo. Binti alitaka tutumie kipima joto cha homa. Nikamwonyesha kuwa kinaishia nyuzi 42, akaelewa. Tukanunua cha chakula, kile chenye sindano ndefu. Jambo la kwanza kilichotuonyesha ni kwamba maji yetu hayafiki nyuzi 100 hata uwashe moto gani. Yanatokota kwa 94 au 95 hivi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa inakandamiza maji kidogo kuliko kule Mombasa, basi yanachemka mapema. Ndiyo maana maharagwe ya shemeji yangu wa Likoni, huko Mombasa, huiva yetu yakiwa bado yanasumbua. Nilikuwa nikidhani anabahatika na mbegu.

Sufuria ya pili ilikuwa na lita 4 kwa jumla, githeri (mahindi na maharagwe), imejaa karibu hadi kwenye mfuniko. Iliingia saa 2 usiku ikiwa na nyuzi 94. Saa 7 usiku niliamka, nikachomeka sindano upesi pembeni: 76. Saa 11 alfajiri: 65. Githeri imeiva, mahindi yamepasuka vizuri, na gesi ilikuwa imezimwa tangu jana yake.

Binti hakulala mpaka Jumamosi alipopiga hesabu yake. Lita 4 zikishuka nyuzi 18 zimepoteza kilojuli kama 300, yaani juli 300,000 (tulihesabu githeri kama maji, najua si sawasawa). Gawanya kwa saa 5, yaani sekunde 18,000, unapata wati 17, maana wati moja ni juli moja kwa sekunde. Zile balbu za zamani za kioo zilikuwa za wati 60. Sufuria nzima ya githeri inayotokota, usiku wa baridi, inavujisha joto kwa kasi isiyofika theluthi ya balbu moja. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nikiheshimu kikapu hiki.

Sasa turudi kwa yule ndugu na kitambaa chake chenye joto. Hakina. Blanketi nayo haina joto lake. Ukimfunika maiti hatapata moto. Tulithibitisha kwa chupa ya maji yaliyogandishwa: tukaifunika kikapuni asubuhi, nyingine tukaiacha mezani. Ya mezani iliyeyuka yote kabla ya saa 9 alasiri. Ya kikapuni jioni ilikuwa bado na donge la barafu la kuizidi ngumi yangu. Kama kikapu kingekuwa kinatoa joto, barafu ingekuwa ya kwanza kulalamika. Kazi yake ni kuziba njia, na joto halina budi kutoka kwenye moto kuelekea kwenye baridi, liwe linatoka kwenye sufuria kwenda nje au linatoka nje kwenda kwenye barafu.

Njia zenyewe ni tatu. Kuna joto linalopita kwa kugusana, chembe kwa chembe, kama kijiko cha chuma kinavyopata moto mpaka mpini. Kuna linalobebwa: hewa iliyopashwa inapanda, baridi inashuka mahali pake. Na kuna linalorushwa bila kuhitaji kitu cha kulibeba, jinsi jua linavyotupata. Sponji na nguo kuukuu zimenasa hewa katika vitundu vidogo, na hewa ni mbaya sana kwa kupitisha joto kwa kugusana. Ikiwa imenaswa hivyo, haiwezi pia kuzunguka na kubeba. Hapa ndipo unaona kwa nini kuacha nafasi tupu kubwa kati ya sufuria ndogo na kikapu ni kosa: hewa ile ina uwanja wa kuzunguka. Siku hizi nikipika kidogo najaza pengo kwa sweta kuukuu.

Mkono wako usiuamini, hilo nalo tuligundua. Asubuhi moja ya Julai binti aligusa sufuria tupu na mto wa kikapu, vyote vimelala jikoni usiku kucha, akaapa sufuria ina baridi zaidi. Kipima joto kikasema vyote ni nyuzi 16. Aluminiamu inanyonya joto la kidole haraka, mto unalinyonya polepole, na ngozi inahisi kasi ya joto kutoka. Huenda hata mwuzaji hakunidanganya kwa kusudi. Aliusikia mto una joto mkononi, akasema alichohisi.

Kuna jambo moja ambalo mama yao alilisimamia kama mkuu wa wodi, na naliandika kwa sababu sikuliona kwenye karatasi iliyokuja na kikapu. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoitwa lektini. Moto wa chini hauiondoi. Ni lazima yachemke kwelikweli. Mimi nayaloweka usiku mzima, namwaga yale maji, kisha nayatokosha dakika 30 kamili kabla ya kuyaingiza kikapuni. Ile siku ya kwanza sikufanya hivyo, na ninashukuru kokoto zile hatukuzila. La pili, chakula kikishuka chini ya nyuzi 60, bakteria wanaanza kujisikia nyumbani. Githeri yangu ya lita 4 ilifika alfajiri na 65, nami huipasha ikatokota tena dakika chache kabla ya kutoka, mke wangu akifika anaikuta ya moto. Wali haulali kikapuni, marufuku. Saa moja inautosha, unaliwa.

Pia acheni kufunua. Kila ukifunua mvuke unatoka, na mvuke umebeba joto jingi kuliko unavyodhani: kilo moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na kilojuli zaidi ya 2,200. Kijana wangu mdogo alifunua mara nne mchana mmoja "kuangalia kama inapika", na mara zote nne ilinibidi niirudishe kwenye gesi.

Kinachofaa: githeri, maharagwe, ndengu, matumbo (haya yanalainika ajabu), supu ya mifupa, wali. Uji pia. Sukuma wiki usiijaribu, inageuka rangi ya nguo ya jeshi. Chapati na vya kukaanga hata usiulize. Ugali nao unataka mwiko na moto.

Mtungi wetu wa gesi wa kilo 6 ulikuwa unatutosha wiki tatu na siku kadhaa. Tangu Aprili unaenda karibu tano. Nimekiuliza kikapu kama kimerudisha Sh1,800 zangu na nadhani kimerudisha, ingawa sikuweka daftari.

Malalamiko ninayo. Kitambaa cha ndani hakitoki, kwa hiyo kilichomwagika kimemwagika. Matumbo ya Mei bado nayasikia. Kamba ya mdomoni ilikatika katika mwezi wa pili wa kukitumia na fundi wa mtaani akanishonea nyingine kwa Sh100. Baya zaidi ni unyevu. Mvuke huingia kwenye mto, na maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo mto uliolowa ni kama dirisha wazi. Dawa ni kuuanika juani, nami niambieni Juni na Julai hapa Nairobi jua mnalipata wapi. Niliuanika siku tatu kwenye paa la ploti, ukarudi una baridi kuliko ulivyopanda. Sasa naitandaza karatasi ya nailoni juu ya sufuria kabla ya kuweka mto, na imesaidia sana. Mwuzaji angeishona hiyo nailoni tangu mwanzo.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya kitambaa kisichofulika. Kwa sufuria ya watu wawili hakifai, kwa hiyo binti ameanza kushona kidogo chake kwa blanketi letu la zamani na mfuko wa unga. Jumapili tunakitia lita moja ya maji yaliyochemka na kile kipima joto, tuone saa 5 baadaye kitasoma ngapi. Yeye anasema 70. Mimi nimesema 60, na mshindwa anaosha sufuria wiki nzima.