Bastola ya kwanza ya kubeba chini ya nguo: Glock 19, Glock 43X, SIG P365 au rivolva?

Kinachojichora kwenye shati si mtutu, ni mpini. Mtutu huzama ndani ya suruali, kwa hiyo sentimita mbili za ziada upande huo hazimsumbui mtu. Mpini ndio unaobaki juu ya mkanda, na ukiinama kidogo kitako chake husukuma nguo nje. Wanunuzi wengi wa mara ya kwanza hawalijui hilo, hivyo huulizia bastola yenye mtutu mfupi kuliko zote na kuondoka na kitu kigumu kulenga ambacho bado kinaonekana.

Zichukue hizi tatu za milimita 9. Glock 19, iliyoko sokoni tangu 1988, ina mtutu wa milimita 102, magazini (kasha la risasi linaloingia mpinini) ya risasi 15 na kimo cha milimita 128. Glock 43X ya 2019 inasifiwa kuwa ndogo, na kweli ni nyembamba: slaidi yake, yaani chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola inapopiga, ina upana wa milimita 22 tu. Lakini kimo chake ni milimita 128 zile zile. Mpini haukupungua hata kidogo! Anayebeba mbele ya tumbo atafurahia wembamba huo; anayebeba ubavuni nyuma ya nyonga ataona tofauti ndogo. SIG P365 ya 2018 ndiyo iliyopunguza kimo hasa, hadi kama milimita 109, na bado inabeba risasi 10. Gharama yake ni kidole cha mwisho kukosa pa kushika kwa mtu mwenye kiganja cha kawaida. Magazini ya risasi 12 hurefusha mpini na kukirudishia kidole hicho nafasi, ila na kimo nacho kinarudi.

Uzito una kazi mbili zinazopingana. Glock 19 iliyojaa risasi hufika kama gramu 850, mbili nyingine hucheza kwenye gramu 620 hadi 650. Kiunoni kutwa nzima tofauti hiyo inahisika. Kwenye uwanja wa shabaha mambo hugeuka: risasi ni ile ile, bastola ni nyepesi, basi teke la bastola kurudi nyuma ni kali zaidi na kilengeo huchelewa kurudi mahali pake.

Kuna na hesabu ya vilengeo. Kwenye Glock 19 umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ni milimita 153. Kwenye 43X ni 132. Kilengeo cha mbele kikipotoka milimita moja, kwenye shabaha ya mita 10 risasi ya Glock 19 itakosea kwa takriban milimita 65, na ya 43X kwa milimita 76. Mzoefu hufidia. Mgeni ndiyo kwanza anajifunza kupotoka kunafananaje.

Rivolva ndogo ya risasi tano, mfano wa Smith & Wesson 642 ya .38 Special, hupendekezwa sana kwa wageni, hasa wanawake, kwa sababu "haina mambo mengi". Ushauri huu haufai. Ni kweli haina slaidi ya kuvuta wala magazini ya kukwama. Lakini ina uzito wa kama gramu 420, na triga yake inadai nguvu ya kilo tano na zaidi, mara kumi na kitu ya uzito wa bastola yenyewe. Kidole kinapovuta, bastola nzima inayumba. Ongeza kilengeo cha nyuma ambacho ni mfereji tu juu ya fremu (kiunzi cha bastola), na teke linalouma kiganja, na utaelewa kwa nini wengi hupiga risasi chache kisha hawaigusi tena. Hiyo ni silaha ya mtu aliyekwisha kujua kupiga.

Dukani, hakikisha kwanza kwamba bastola ni tupu. Magazini hutoka kwanza, ndipo slaidi inavutwa nyuma na kufungwa hapo, kisha chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, inaangaliwa kwa macho na kuguswa kwa ncha ya kidole. Ukianza na slaidi magazini ikiwa ndani, unatoa risasi moja na kupandisha nyingine, huku ukiamini imebaki tupu. Baada ya hapo shika mpini juu kabisa, chini ya mkia wa slaidi, mtutu ukiwa umenyooka na mfupa wa mkono. Kidole kifike katikati ya triga bila kuuzungusha mpini kiganjani. Kisipofika, Glock 19 za kizazi cha nne na cha tano zina migongo ya kubadilisha. P365 inabadilishiwa mpini mzima. 43X haina nafasi hiyo, ikikukataa imekukataa.

Slaidi za bastola ndogo ni ngumu kwa sababu chuma chake ni kidogo na springi inalazimika kufanya kazi kubwa. Usivute kwa vidole viwili. Funika slaidi kwa kiganja, ishike kama ilivyo, halafu sukuma mpini mbele kwa mkono mwingine. Ukishindwa hata hivyo, chagua nyingine.

Hukumu yetu: 43X kwa wengi, Glock 19 kwa mwenye kiganja kikubwa au nguo pana, P365 kwa anayevaa mashati mepesi na yuko tayari kufanya mazoezi zaidi. Zipo magazini za chuma za watengenezaji wengine zinazoipa 43X risasi 15. Ziache kwa sasa. Chuma hula kishikizo cha plastiki kinachoshikilia magazini, hivyo lazima nacho kibadilishwe, na bastola ya kwanza haihitaji majaribio.

Usimalize bajeti kwenye bastola. Ala (mfuko wa kubebea bastola) ya kitambaa cha bei ya chini ni hatari kuliko watu wanavyodhani: ukichomoa bastola mdomo wa ala hujikunja, na ukiirudisha mkunjo huo, au kamba ya koti, huingia kwenye triga. Rahisi huvunja upishi. Tafuta ala ngumu ya Kydex (aina ya plastiki ngumu) au ngozi nene inayofunika triga yote, mdomo ukibaki wazi bila bastola, pamoja na mkanda mgumu wa milimita 38. Ala yenye ulimi unaosukumana na mkanda hugeuzia mpini ndani kuelekea mwilini, na hilo huficha zaidi ya kununua bastola ndogo.

Kabla ya kuibeba, isafishe mafuta ya kiwandani, paka tone moja moja la mafuta kwenye reli za slaidi, kisha piga risasi 200 za mazoezi na 50 za aina utakayobeba, zenye ncha ya shimo. Ganda la risasi iliyopigwa likisimama wima kwenye dirisha la slaidi, mara nyingi kifundo cha mkono kimelegea: fremu inarudi pamoja na slaidi, na slaidi haimalizi safari yake. Gonga kitako cha magazini, vuta slaidi, endelea. Kukikwama tena mkono ukiwa imara, badilisha magazini kwanza kabla ya kulaumu bastola.

Glock hudai uvute triga kabla ya kuifungua kuisafisha, na watu wamejipiga mkononi kwa kusahau risasi iliyo kwenye chemba. P365 hufunguka bila kugusa triga. Na kwa zote tatu, risasi ile ile ikipandishwa na kushushwa chemba kila siku, kichwa chake huzama taratibu ndani ya ganda na shinikizo hupanda. Ilinganishe na mpya kwa kuzisimamisha bega kwa bega. Iliyofupika iondoe kwenye matumizi.