Kozi ya nesi praktishona ya mtandaoni, maoni yangu

Mie nesi wa Chake Chake, Pemba, nimechukua mtandaoni masomo mawili ya nesi praktishona (nesi aliyesomea zaidi, anapima na kuandika dawa mwenyewe) chuo kimoja cha Marekani, somo moja moja bila ya kuingia masta yenyewe. Famakolojia, yaani somo la dawa, tamu hasa, mwalimu hakwambii tu dawa ya presha hii hapa, anakuuliza figo za mgonjwa vipi, potasiamu vipi, ndo uchague, na video unadaunlodi unasikiliza hata umeme ukikatika. Ila darasa la laivu jamani! Kwao saa 2 usiku huku saa 10 alfajiri, wakisogeza saa zao mbele inakuwa saa 9, mtu yuko zamu ya usiku atawasha kamera saa ngapi? Ada inahesabiwa kwa krediti, yaani uzito wa somo, tena kwa dola.

Sasa wale mnaotaka masta yenyewe, mtandaoni ni nadharia tu, viwango vya Marekani vya mafunzo ya nesi praktishona vya 2022 vinataka masaa 750 ya kuhudumia wagonjwa wenyewe chini ya msimamizi, na leseni ya unesi ya huko kwanza, yaani ufaulu NCLEX, mtihani wao wa leseni ya unesi. Kama huhamii Marekani, masta ya unesi kasome Muhimbili, na huko mtandaoni chukua famakolojia tu.