Haski kutoka makao ya wanyama: uzoefu wangu Nakuru

Haski wangu, mbwa wa aina ya Siberia niliyemchukua kwenye kituo cha makao ya wanyama, ni dume wa miaka miwili, kilo 24, keshahasiwa. Kama mbwa wa nyumbani nampa nyota tano. Kama mlinzi, nyota moja. Haski alizalishwa na Wachukchi, kabila la Siberia, kwa ajili ya kuvuta sleji (gari la kuteleza kwenye theluji), hakuzalishwa kulinda boma, na mgeni akiingia getini atampokea kwa mkia. Anayetaka mlinzi achague mbwa mwingine palepale kituoni, wapo wengi na wazuri.

Huduma ya kituo naipa nyota nne: fomu, kitambulisho, ukaguzi wa ua, kadi ya chanjo yenye tarehe. Kilichokosekana ni kipimo cha damu cha homa ya kupe. Kidai kabla ya kutia sahihi, maana mbwa anaweza kubeba ugonjwa huo kwa miezi akiwa mchangamfu tu. Mtazame macho kwenye mwanga pia. Jicho moja la buluu na jingine la kahawia si ugonjwa. Ukungu mweupe ndani ya mboni huenda ukawa mtoto wa jicho, na haski huupata hata akiwa mdogo.

Ua ndio gharama kubwa. Kayaba, ule ua wa miti ya miiba, peke yake haimzuii, atapenya chini kwenye mashina. Weka waya wa futi sita, na chini yake ulaze waya mwingine wa futi mbili kuelekea ndani ya boma, ufukie kidogo. Akianza kuchimba kandokando ya ua, kucha zinakutana na waya. Tangi la maji, kuni na kibanda chake vikae mbali na ua, la sivyo vitakuwa ngazi yake. Komeo la geti litiwe kufuli.

Kumfunga mnyororo kutwa nzima hakumtulizi. Hulia kwa sauti ndefu kama mbwa mwitu, na kwenye ploti za kupanga majirani hawatavumilia. Kinachomtuliza ni kuchoka: saa nzima kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kisha dakika 45 jua likizama. Tumia mkanda wa kifuani wenye pete mbele ya kifua. Pete ikiwa mgongoni atavuta tu, kwani kuvuta ndiyo kazi yake. Kamba isitoke mkononi barabarani, hata awe mtiifu vipi: akiona kuku wa kienyeji, jina lake halisikii tena.

Chakula ndicho kinachowaponza haski wengi wa huku. Ugali na mchuzi uliobaki unamtosha mbwa wa kawaida kwa muda, lakini aina hii ina udhaifu wa kufyonza madini ya zinki, na faiteti, kemikali ya asili iliyo kwenye nafaka, hasa pumba, huyashika madini hayo tumboni. Dalili ni magamba na vidonda vikavu kuzunguka macho, mdomo na kwenye nyayo. Wengi hudhani ni upele na kupaka dawa mwezi baada ya mwezi bila nafuu. Mimi napima gramu 350 hadi 400 za chakula kikavu chenye nyama, nusu asubuhi, nusu jioni. Usinunue tembe za zinki kwa kubahatisha. Ikizidi ni sumu, kipimo kitoke kwa daktari wa mifugo. Mifupa iliyopikwa na vitunguu asipewe kabisa.

Kupe nawatafuta kila jioni masikioni, katikati ya vidole na chini ya mkia. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kutoka agrovet (duka la dawa za mifugo) isipimwe kwa macho. Ufizi ukipauka au mkojo ukiwa wa rangi ya chai, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Usimnyoe kwa kumwonea huruma ya joto. Manyoya ya juu humkinga na jua, na yakinyolewa huenda yasirudi sawasawa. Mchane mara tatu kwa wiki kwa chanuo la meno marefu linalofika manyoya ya ndani. Huku karibu na ikweta hupukutika karibu mwaka mzima.

Akihema kwa nguvu huku akiyumba, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, baridi ya asubuhi inamsaidia. Kisumu iko chini kwa zaidi ya mita 700, na pasipo kivuli cha mchana kutwa na sakafu ya saruji ya kulalia, nisingempeleka.